Sindano Tatu za Mbwa

Mbwa mzima ana meno 42, na likiuma hata moja hana pa kulipeleka. Hashiki shavu. Hasemi limemwanza tangu Ijumaa. Haombi punje ya karafuu ya kubana kwenye tundu. Hata chakula haachi, maana mbwa anayewaachia wenzake chakula hafiki mbali. Anachofanya ni kujirekebisha kimyakimya: anatafuna kwa upande mmoja, anameza mapande makubwa kuliko zamani, anaupita mfupa ambao mwaka jana angeugombania. Sisi tunaomtazama tunasema kazeeka, au kawa mpole.

Tumchukue mbwa wa namna hiyo Pemba, tuseme pembezoni mwa shamba la muhogo upande wa Konde. Pemba ni kisiwa cha watu wapatao nusu milioni, karibu wote Waislamu, na mbwa huko huishi nje ya mstari wa nyumba. Analinda mazao, anafuatana na wasasi, analala anapopata. Siku moja chini ya jicho lake panatokea uvimbe. Mwenye mbwa anadhani kachomwa na mwiba, au watoto wamempiga jiwe. Uvimbe unapasuka, unatoa usaha, unakauka. Baada ya wiki chache unarudi. Daktari wa mifugo akimfunua mdomo anakuta ukoga umeganda juu ya meno, ufizi umerudi nyuma, na gego kubwa la juu limepasuka. Gego hilo lina mizizi mitatu, na ncha zake zinafika chini tu ya jicho. Usaha ulikuwa ukijitafutia njia ya kutokea.

Dawa yake ni kulitoa. Lakini gego hilo halitoki kwa kuvutwa na koleo, kwa kuwa sehemu yake kubwa imezama mfupani. Inabidi ufizi ufunuliwe, jino likatwe mapande matatu, na kila mzizi utolewe peke yake. Mtu mzima akielezwa hayo huuma meno, akakubali kuchomwa ganzi na kukaa kitini. Mbwa haelezeki. Basi kabla ya yote hanyolewi kichwani wala mdomoni; ananyolewa manyoya ya mguu wa mbele, sindano inaingia mshipani, na kabla dakika haijatimia mbwa hayupo. Mwili upo juu ya meza, moyo unapiga, ila yule aliyekuwa akitingisha mkia kwa woga ameondoka.

Swali langu ni hili: sindano ile ina maana gani? Kwamba inafanya kazi, hilo linajulikana. Ninachouliza ni kwa nini binadamu aitie mkononi, na inamdai nini akishaitia. Ili kulijibu inafaa kuiweka ubavuni mwa sindano nyingine mbili ambazo mbwa amepata kupigwa na watu, moja ya zamani na ya mbali, moja ya juzi na ya Pemba yenyewe.

Sindano ya kwanza ilikuwa ya kutaka kujua. Mwaka 1628 tabibu wa Kiingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba damu huzunguka mwilini: inatoka moyoni na kurudi moyoni. Kama hivyo ndivyo, basi kitu kitakachotiwa kwenye mshipa wa mguu kitafika hadi kwenye ubongo. Mwaka 1656, mjini Oxford, Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo la London, alilijaribu jambo hilo mbele ya Robert Boyle na wenzake. Sindano kama za leo hazikuwapo. Alitumia kishina cha unyoya kilichofungwa kwenye kibofu, akapitisha afyuni iliyoyeyushwa katika mvinyo mpaka ndani ya mshipa wa mbwa. Mara mbwa akalewa, akaanza kuzama. Boyle amesimulia kwamba ili asife alizungushwa bustanini huku akichapwa mjeledi, mpaka fahamu zikamrudia. Akapona, akanenepa, akawa mashuhuri mjini, na haukupita muda akaibiwa.

Dawa yoyote ya usingizi inayopitishwa mshipani leo, iwe kwa mgonjwa wa Chake Chake au kwa waziri aliyelazwa ng'ambo, nasaba yake inamgusa mbwa yule. Lakini jaribio lile halikufanywa kwa ajili yake. Kupona kwake kulikuwa habari ya ziada. Kilichotafutwa ni njia ya dawa. Sindano ile haikuwa na uadui naye, wala haikuwa na habari naye. Ilimpitia tu kwenda kwingine.

Sindano ya pili ilikuwa ya kujilinda, na hii Wapemba wanaijua. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona. Unaingia kwa jeraha la meno, na wanaoumwa sana ni watoto. Duniani kote imethibitika kwamba kuwachanja mbwa wapatao asilimia 70 wa mahali, mwaka hadi mwaka, huikata njia ya ugonjwa huo. Pemba iliingizwa katika mradi wa kuutokomeza uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania Bara. Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walifuatilia kisa kwa kisa, nyumba kwa nyumba, wakasoma na chembe za urithi za virusi vyenyewe. Walichokikuta, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, kinasomeka kirahisi: kuanzia 2010 minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa ikitambaa kisiwani, na yote ikawa imekatika ifikapo Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena mara mbili kutoka nje, ukashika. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, na ifikapo Oktoba 2018 ukaisha tena.

Nani asiyeisifu sindano hiyo? Watoto waliwavuta mbwa kwa kamba hadi vituoni, kijiji kwa kijiji, na kisiwa ambacho mbwa si mnyama wa kukumbatiwa kikamfikia karibu kila mbwa aliyefikika. Hata hivyo tuseme kweli ilikuwa ya nani. Ilikuwa yetu. Mbwa alifaidi, kwa kuwa naye hufa kwa kichaa na hufa vibaya, lakini lau ugonjwa ule ungekuwa wa mbwa peke yao, usiovuka kuja kwa watoto wa watu, maboksi ya barafu ya chanjo yasingebebwa hadi Micheweni. Si aibu kulikiri hilo. Kujilinda ni haki, na bahati njema ni pale haki ya mmoja inapokuwa pia salama ya mwingine.

Sindano ya tatu, ile ya gego, haina bahati hiyo. Jino la mbwa haliambukizi nyumba. Nyama yake hailiwi, maziwa yake hayakamwi, na mlinzi wa shamba mwenye jipu la jino bado anabweka. Zaidi ya hapo, anayetendewa hatajua kwamba ametendewa. Hatakumbuka maumivu aliyoepushwa, maana hayakumpata. Atakachokumbuka ni harufu ya dawa na mikono ya mtu asiyemjua, na akikutana na daktari yule njiani atarudi nyuma amefyata mkia. Ndiyo sindano pekee kati ya tatu ambayo ukiondoa manufaa ya mpigaji hakuna kinachopungua, kwa kuwa hayakuwamo. Ikiwa ina maana yoyote, basi maana hiyo inasimama kwa miguu yake yenyewe. Kwa hiyo kisa hiki kidogo, ambacho msomaji angeweza kukidhania ni mzaha, kinafaa sana kwa tafakuri: ni mizani isiyotiwa mkono.

Najua pingamizi linalokuja, na mwenye nalo ana haki ya kukereka. Pemba kuna watu wanaolala na jino wiki nzima kwa kukosa nauli. Kuna watoto ambao meno yao yanatolewa ilhali yangeweza kuzibwa. Leo tumlaze mbwa kwa dawa ya mshipani ili kumtoa gego? Hayo si mambo ya waliokosa shida?

Jibu la kwanza ni kukubali. Mwenye shilingi moja na meno mawili mbele yake, la mtoto na la mbwa, amlipie mtoto, na asijiulize mara mbili. Lakini pingamizi hilo linajibu swali la nani aanze. Halijibu swali la nini kinadaiwa. Deni halifutiki kwa sababu lipo deni kubwa zaidi yake, linasubiri tu. Na mara nyingi si kweli kwamba shilingi ya mbwa ingemfikia mtoto. Tunaipigia hesabu ya mtoto pale tu mbwa anapotajwa, hatuipigii hesabu hiyo tunapoagiza soda.

Jibu la pili linatoka katika historia ya meno yenyewe. Walioutangaza usingizi wa dawa hawakuwa madaktari wa moyo wala wa tumbo, walikuwa wa meno. Tarehe 11 Desemba 1844, huko Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta hewa ya kuchekesha akamwachia mwenzake amng'oe jino, akasema hakusikia kitu. Aliyemng'oa aliitwa John Riggs, na ndiye ambaye ugonjwa wa fizi zinazooza na kulegeza meno ulikuja kuitwa kwa jina lake kwa miaka mingi. Ugonjwa huohuo wa fizi ndio unaowapata mbwa walio wengi wakishapita umri wa miaka mitatu. Mwaka 1846 alikuwa tena daktari wa meno, William Morton, aliyeonyesha etha hadharani katika hospitali ya Boston. Na propofoli, dawa nyeupe kama maziwa ambayo sasa inalaza wagonjwa vyumba vya upasuaji duniani kote, ilivumbuliwa chini ya mkono wa Iain Glen, Mskoti aliyesomea udaktari wa mifugo. Alianza kuifuatilia miaka ya 1970, ikaruhusiwa kutumika kwa watu Uingereza mwaka 1986. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Meno ya watu na mishipa ya wanyama vimekuwa vikipeana maarifa tangu zamani. Aliyepokea zaidi ni mtu. Anayesema mambo haya ni ya watu pekee anakula matunda ya mti bila kutaka kusikia ulipandwa wapi.

Jibu la tatu ndilo zito. Wazo kwamba asiyeweza kusema haumwi sana halijaishia kwa mbwa. Katika karne ya 17 René Descartes na wafuasi wake walimweka mnyama katika kundi la mashine: analia kama mlango unavyolia. Karne tatu baadaye, katika hospitali za nchi tajiri, watoto wachanga walikuwa bado wanapasuliwa kwa dawa chache za maumivu, au bila hizo kabisa, kwa imani kwamba neva zao hazijakomaa kuhisi na kwamba hawatakumbuka. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha matokeo yaliyovunja imani hiyo: watoto waliopewa dawa ya kutosha walipata misukosuko michache ya mwili na walipona vyema zaidi. Ni 1987, si zama za giza. Waliokuwa wakiwapasua hawakuwa watu wakatili. Walikuwa wamekubali kanuni moja tu, kwamba maumivu yasiyo na ushahidi wa ulimi yanaweza kuwekwa kando. Kanuni hiyo ikishakaa ndani ya nyumba haichagui wa kumla. Wazee wetu walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Walimaanisha kwamba aliye nje hajui, hawakumaanisha kwamba iliyo ndani haipo.

Hapa dawa yenyewe inatuwekea fumbo. Propofoli huondoa fahamu, lakini si dawa ya maumivu. Mbwa aliyelala kwayo peke yake, patasi ikigusa mfupa, moyo wake unaenda mbio, shinikizo la damu linapanda, pumzi inabadilika. Mwili unapiga mbiu na mwenye nyumba hayupo kuisikia. Je, hayo ni maumivu? Ukisema ndiyo, utaulizwa ni ya nani. Ukisema hapana, utaulizwa kwa nini daktari mwenye akili timamu anachoma kwanza lidokeini kwenye neva inayopita chini ya jicho, anamtia ganzi aliyekwisha kulazwa.

Mimi naona maumivu lazima yawe ya mtu au ya mnyama fulani. Maumivu yasiyo na mwenyewe ni mbiu tu. Ila mbiu hiyo haipotei. Uti wa mgongo uliopigiwa kelele saa nzima unabaki umeamka, ukawa mwepesi wa kuuma kuliko kabla. Mwenyewe atakaporudi ataikuta hesabu mezani, na ataanza kuilipa bila kujua ilivyofanyika. Kwa hiyo ganzi ile inatolewa kwa ajili ya atakayerudi. Daktari anamtendea wema kiumbe ambaye kwa saa hiyo hayupo. Tukilitazama kwa utulivu, sehemu kubwa ya wema wa kweli iko hivyo: anayepanda mwembe hivi leo, anayelipa deni la marehemu, anayeficha siri ya msafiri, wote wanamtumikia asiyekuwepo.

Pemba, na popote Waislamu wanaposoma Suratul Kahf siku ya Ijumaa, kuna kisa cha usingizi ambamo mbwa ana nafasi yake. Vijana waliokimbia dhuluma wanalala pangoni miaka mia tatu na tisa. Mbwa wao yumo, kanyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Wanapoamka wanaulizana wamekaa muda gani, nao wanadhani ni siku moja au sehemu ya siku, kama anavyosema leo mgonjwa yeyote anayeamka kutoka kwenye nusukaputi. Kinachonivuta zaidi ni kile kinachotokea katikati, wakiwa hawajijui. Jua linapitishwa pembeni lisiwachome. Wanageuzwa ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto. Kisa hakisemi walilazwa kisha wakaachwa. Kinasema walilazwa kisha wakatunzwa. Kulaza na kutunza vimekuja kwa pamoja.

Hapo ndipo ninapoipata maana ya sindano ya tatu. Kiumbe aliye macho ni mlinzi wa nafsi yake katika mambo mengi ambayo hata hayafikirii. Anapepesa macho yasikauke. Anameza mate yasiingie njia ya hewa. Anajikunja kwa baridi, anajigeuza mkono ukifa ganzi, anang'ata akiguswa panapouma. Sindano inampokonya ulinzi huo wote kwa mkupuo mmoja. Mshipa haujui kubakisha. Basi kila alichokuwa akijifanyia kinahamia mikononi mwa aliyemlaza, na kinahamia kama amana.

Macho hayapepesi tena, kwa hiyo yanatiwa mafuta. Koo halikohoi tena, na katika kazi ya meno maji ya mashine na damu vinatiririka kurudi nyuma; kwa hiyo mrija wenye puto unaingizwa njia ya hewa ili mapafu yasinywe. Propofoli ikisukumwa haraka pumzi husimama. Aliyeisukuma anapaswa kuwa pale, kupumua kwa ajili yake mpaka izinduke. Kichwa kimelowa na mwili hautetemeki kujipasha, kwa hiyo anafunikwa. Upande mmoja wa mdomo ukimalizika anageuzwa upande wa pili, kwa uangalifu, mrija ukiwa umeshikwa usimjeruhi kooni. Hakuna kati ya haya ambalo mbwa ataliona. Kama lolote litasahauliwa, hatalalamika. Amana ya asiyeweza kudai ndiyo amana iliyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayomfichua mwaminifu.

Wengine watasema: lakini mbwa kwetu ni najisi. Ndiyo, wafuasi wa Imamu Shafi wanafunzwa kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara, inayomwongoza mtu namna ya kujiandaa kwa sala. Haikuwa kamwe ruhusa ya ukatili. Katika mafundisho hayohayo yumo yule mtu wa kisimani aliyemkuta mbwa akilamba mchanga kwa kiu, akashuka, akajaza kiatu chake maji, akapanda nacho mdomoni, akamnywesha, naye akasamehewa. Hakuwa na mtu wa kumwona. Mbwa hakuwa wake. Wala hatusimuliwi kwamba mbwa alimlipa kwa kumlinda njiani. Kisa kimeachwa wazi makusudi, ili kusiwepo kingine cha kukitegemeza ila kitendo chenyewe. Daktari wa Pemba ana glavu na ana maji. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi.

Lakini amana ikiwa nzito hivyo, je, aliye na kidogo afanye nini? Afrika Mashariki, nje ya miji mikubwa, mashine ya oksijeni na hewa ya isoflureni kwa wanyama ni kitu cha nadra. Kazi hufanywa kwa dawa za sindano, na mara nyingi ni ketamini iliyochanganywa na ksilazini au diazepamu. Ketamini iliundwa mwaka 1962, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kuwa inatuliza maumivu na haiui pumzi kirahisi. Imewafaa watu wengi vitani na vijijini. Aliyelazwa kwayo hubaki na macho wazi, anatazama bila kuona, na mgeni akiingia anaweza kudhani mbwa yu macho na anateswa. Ni dawa ya heshima. Haiondoi hata moja kati ya zile dhamana.

Na ukizihesabu utagundua kwamba nyingi hazihitaji mashine. Mafuta ya macho ni bei ndogo. Shuka ipo kila nyumba. Lidokeini ipo. Mkono uliowekwa ubavuni kuhesabu pumzi hauhitaji umeme. Kinachohitajika kwa wingi ni mtu wa kukaa hapo, asiye na kazi nyingine kwa muda huo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa mbwa wenye afya waliolazwa au kutulizwa kwa dawa, alikufa takribani mmoja kati ya 2,000, na kwa wagonjwa zaidi ya mmoja kati ya 100. Tena karibu nusu ya mbwa waliokufa walikufa baada ya kazi kwisha, wengi wao saa chache tu za kwanza, pale ambapo vyombo vinaoshwa na watu wanaanza kuzungumza mengine. Na hiyo ni nchi yenye mashine zote. Hatari kubwa, basi, iko pale mtunzaji anapohisi kwamba amemaliza.

Hapo pana mpaka ambao umaskini hauusogezi. Asiyeweza kuibeba amana asilaze. Kumkamata mbwa na kumng'oa akiwa macho kwa hoja kwamba ni mbwa tu ni dhuluma. Kumpiga sindano kisha kumwacha chini ya mti ajiamkie mwenyewe ni dhuluma iliyovaa koti jeupe. Afadhali dawa za kupunguza usaha na maumivu, na safari ya kumpeleka anapoweza kuhudumiwa, kuliko usingizi usio na mlinzi. Kusema "hili siwezi" nako ni sehemu ya uaminifu.

Sindano ya Oxford ilitufundisha njia ya mshipa. Sindano ya chanjo ilionyesha kwamba kisiwa kizima kinaweza kumfikia mbwa pale maisha ya watu yanapomtegemea. Ya tatu haina cha kutufundisha wala cha kutuokoa nacho. Inampa mtu mamlaka kamili juu ya kiumbe asiyeweza kumshtaki, kwa dakika arobaini au saa moja, kisha inamwachia aonyeshe atayatumiaje. Ni mamlaka yaleyale aliyo nayo mtoaji usingizi wa hospitali juu ya bibi kizee asiye na jamaa, na mlezi juu ya mtoto asiyejua kusema. Mazoea ya mkono hayana milango miwili. Mkono unaozoea kuacha macho ya mbwa yakauke siku moja utaacha ya mwingine.

Kwa hiyo kazi ya gego haiishi gego linapotoka. Inaisha mbwa anapomeza mwenyewe, mrija ukatolewa, akainua kichwa, akaketi kwa kifua chake, akamtambua aliyemleta. Daktari aliyeondoka kabla ya hapo ameacha kazi njiani, hata kama mizizi yote mitatu iko kwenye sahani na mwenye mbwa amekwisha kulipa.